Jukwaa la Mita Moja: Filamu Mbili za Tamasha na Uhai wa Watazamaji

Makala haya yanakusudia kuhakiki filamu mbili za Kimarekani, *Woodstock* iliyoongozwa na Michael Wadleigh, na *Gimme Shelter* ya ndugu wawili Albert na David Maysles pamoja na Charlotte Zwerin. Zote mbili zilitoka mwaka 1970. Zote mbili zinahusu matamasha ya muziki yaliyofanyika mwaka 1969, na kwa zaidi ya miaka hamsini zimekuwa zikitajwa pamoja kama pacha wasiopatana. Huenda msomaji akajiuliza filamu za namna hii zina nafasi gani katika jarida la walimu wa Kiswahili. Tunamwomba avute subira. Jambo tunalolifuata humu ni namna maafa ya umati yanavyosimuliwa, na mwishoni tutalazimika kuligusa neno moja la Kiswahili ambalo sote tunalitumia bila kulipima.

Hukumu iliyozoeleka kuhusu filamu hizi inajulikana. Husemwa kwamba *Woodstock* ni filamu ya mapenzi na amani, na *Gimme Shelter* ni filamu ya chuki na kifo. Kwamba ya kwanza inaonyesha ujana wa kizazi kizima na ya pili inaonyesha mazishi yake. Wahakiki wengi wameridhika na usomaji huo kwa sababu unapendeza na ni mwepesi kufundisha: nuru upande mmoja, giza upande wa pili. Sisi hatukubaliani nao. Tulipozitazama filamu hizi moja baada ya nyingine tulibaini kwamba watu walewale walikuwa pande zote mbili. Chip Monck, ambaye sauti yake ndiyo inayosikika kwenye kipaza sauti cha Woodstock, alikuwako pia Altamont akisimamia jukwaa. Michael Lang, kijana wa nywele za msokoto aliyekuwa miongoni mwa waandaaji wa Woodstock, anaonekana katika *Gimme Shelter* akishauri juu ya maandalizi. Muziki ulikuwa wa aina ileile, vijana walikuwa wa rika lilelile, na dawa za kulevya zilikuwa zilezile. Ikiwa watu hawakutofautiana, basi hapana budi tuitafute tofauti mahali pengine.

Tuanze na yale yanayojulikana. Tamasha la Woodstock lilifanyika kuanzia tarehe 15 hadi 18 Agosti 1969 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la New York. Mahali palipokusudiwa awali palikuwa Wallkill, lakini wenyeji wa huko walilikataa tamasha mwezi Julai, na waandaaji wakabaki na mwezi mmoja tu wa kujenga kila kitu upya. Tiketi zipatazo 186,000 zilikuwa zimeuzwa, ilhali viongozi wa Bethel walikuwa wameambiwa watarajie watu 50,000. Walifika zaidi ya 400,000. Uzio haukuwa umekamilika, tamasha likawa la bure, barabara zikaziba, chakula kikaisha, mvua ikanyesha. Kwa kila kipimo cha mtu anayejua kazi ya kuandaa shughuli za watu wengi, hayo yalikuwa maandalizi ya msiba mkubwa.

Msiba huo haukutokea. Filamu ya Wadleigh inatueleza sababu, ingawa tunashuku kwamba yenyewe haikujua kuwa inatueleza.

Sehemu bora kabisa ya filamu hiyo, kwa maoni yetu, haina mwanamuziki hata mmoja. Ni ile inayomwonyesha mzee mmoja aliyevaa nguo za kazi akisafisha vyoo vya kuhamishika. Anafungua mlango, anaingiza bomba la gari la maji machafu, ananyonya kinyesi, anapiga dawa, anaweka karatasi mpya, anafunga mlango, anahamia choo kinachofuata. Mpiga picha anamwuliza maswali, naye anajibu huku anafanya kazi. Anasema kwa furaha kwamba anawahudumia vijana hawa, kwamba mwanawe mmoja yumo humo humo katika umati, na kwamba mwanawe mwingine yuko Vietnam akirusha helikopta. Hayo yote anayasema bila malalamiko na bila kujikweza. Kisha kijana mmoja anatoka chooni, anawatazama wapiga picha, mandhari inabadilika.

Mtazamaji wa kawaida hucheka hapo, na yamkini waliohariri filamu walitaka acheke. Sisi tunaona kwamba katika dakika hizo chache filamu imegusa kiini cha jambo. Watu laki nne waliokaa siku tatu kwenye matope, wakinywa maji ya visima vilivyochimbwa kwa haraka, wangeweza kuugua ugonjwa wa kuhara kwa maelfu. Vyoo vilikuwa mamia machache tu, navyo havikutosha hata kidogo. Maadam kila choo kilitumiwa na mamia ya watu, tofauti kati ya tamasha na janga ilikuwa mikononi mwa wale waliokuwa wakivifungua na kuvifunga. Jina la mzee huyo halitajwi katika filamu kama yanavyotajwa majina ya wapiga gitaa. Inafaa kuongeza kwamba baadaye aliwashtaki watengenezaji wa filamu mahakamani, akidai kwamba walimtumia bila idhini na kumfanya kichekesho; mwaka 1973 mahakama ya rufani iliamua kwamba madai yake yalistahili kusikilizwa. Tukio hilo linatufundisha kitu kuhusu fani ya filamu za kweli: kamera iliuona utu wa mfanyakazi, lakini mkasi wa mhariri ukauweka utu huo mahali pa mzaha.

Kadhalika, yafaa kusikiliza kwa makini matangazo. Wanafunzi wetu wa uhakiki huambiwa watafute wahusika wakuu wa kazi ya sanaa. Mhusika mkuu wa *Woodstock* ni kipaza sauti. Baina ya nyimbo, sauti inatangaza kwamba kuna kidonge fulani cha LSD kinachozunguka uwanjani ambacho si kizuri, na kwamba ni afadhali watu wajiepushe nacho. Msomaji aangalie namna ya usemi. Mtangazaji hatukani, hatishi, wala hasemi kwamba walionunua wamestahili. Anatoa habari anayoijua, anakiri kwamba uamuzi ni wa msikilizaji, na anawaelekeza walioathirika mahali pa kupata msaada. Wako watakaosema kwamba huko ni kuruhusu uovu. Hoja hiyo tunaielewa, nasi ni walimu, hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa dawa za kulevya. Hata hivyo, mtangazaji alikuwa mbele ya watu ambao tayari wamekwisha meza. Hotuba ya maadili kwa wakati ule isingemtapisha mtu yeyote. Kilichohitajika ni habari sahihi kwa sauti ya utulivu, na hicho ndicho kilichotolewa. Waliopandwa na hofu kutokana na dawa walipelekwa kwenye mahema ya watu wa jumuiya iliyoitwa Hog Farm, ambako waliketi na mtu wa kuzungumza nao kwa upole mpaka hofu ikawatoka. Na mara nyingi, mtu aliyepona aliombwa abaki amsaidie anayefuata.

Wakati wa dhoruba ya Jumapili kipaza sauti kinawasihi watu washuke kwenye minara ya taa na spika na wasogee mbali nayo. Hapo filamu inatisha kwelikweli. Upepo unavuma, minara inayumba, na hakuna kinachowazuia watu wasife isipokuwa maneno ya mtu mmoja anayeaminiwa. Aliaminiwa kwa sababu alikuwa amewaambia ukweli tangu siku ya kwanza, ukiwamo ukweli kwamba chakula hakitoshi. Helikopta za jeshi zilipokuja kuleta madaktari na dawa, mbele ya umati ambao sehemu yake kubwa ililichukia jeshi kwa sababu ya vita vya Vietnam, mtangazaji alieleza kwa maneno machache kwamba hao wamekuja kusaidia. Umati ukashangilia.

Pamoja na sifa hizo, filamu hii ina kosa kubwa: imeficha maiti. Kijana wa miaka 17 alikufa Woodstock kwa kukanyagwa na trekta akiwa amelala ndani ya mfuko wa kulalia. Mwingine alikufa kwa dawa ya kulevya. Katika saa tatu na zaidi za filamu, ambamo tunaonyeshwa watu wakioga mtoni, wakiteleza kwenye matope na wakifanya mazoezi ya viungo alfajiri, hakuna nafasi iliyopatikana kwa hao. Hatusemi kwamba Wadleigh alikuwa na nia mbaya. Tunasema kwamba dhamira ya amani ilipochaguliwa, kila kisichoipamba kiliachwa nje, na kwa hiyo mtazamaji anatoka akiamini kwamba watu hawa waliokolewa na wema wao. Imani hiyo ilikuwa na gharama, kwa maana waandaaji wa Altamont walikuwa miongoni mwa walioiamini.

Altamont ni uwanja wa mashindano ya magari huko California. Tarehe 6 Desemba 1969 watu wapatao 300,000 walikusanyika hapo kuwasikiliza Rolling Stones na vikundi vingine bila kiingilio. *Gimme Shelter* inaanza mwishoni: tunamwona Mick Jagger na Charlie Watts wakiwa kwenye chumba cha kuhariria, wakitazama picha za siku ile huku tayari wanajua kwamba mtu ameuawa. Kifani, huo ni uamuzi wa kijasiri. Mtazamaji hangoji kujua nini kitatokea; anangoja kuona kilitokeaje. Kila tendo dogo linalotangulia linapata uzito wake. Tunawaona wanasheria katika ofisi ya Melvin Belli wakipiga simu na kubishana juu ya mahali pa kufanyia tamasha, na kicheko cha watu wa ofisini kinatuchoma kwa sababu sisi tunajua wanachokitayarisha.

Tamasha lilikuwa lifanyike mahali paitwapo Sears Point. Mapatano yalivunjika, na zikiwa zimebaki siku mbili tu vifaa vyote vikahamishiwa Altamont. Hapa ndipo tunapopata ile tofauti tuliyoitafuta. Kule Sears Point jukwaa lilikusudiwa kukaa juu ya mteremko, watu wawe chini yake. Kwa hiyo lilijengwa fupi, kimo cha mita moja hivi. Uzito wa umati ungeelemea chini, mbali na wanamuziki. Altamont jukwaa lile lile likajikuta chini ya mteremko. Sasa watu laki tatu wakawa wanaelemea upande wake, na hapakuwa na muda wa kuliinua. Mtu aliyesimama mstari wa mbele alikuwa akisukumwa na kilima kizima. Akipanda jukwaani ili apate pumzi, alionekana kuwa mvamizi.

Woodstock nako palikuwa na mteremko uelekeao jukwaani, lakini jukwaa lake lilisimama juu kupita vichwa vya watu, nao hawakuweza kulipanda. Kwa upande wetu, hoja nzima ya nuru na giza inaanza kuporomoka mbele ya ubao wa mita moja.

Kisha wakaja walinzi. Kazi ya kulizuia jukwaa ilikabidhiwa wapanda pikipiki wa kundi la Hells Angels, na kwa masimulizi yaliyoenea malipo yao yalikuwa bia ya dola 500, ingawa wahusika wamebishana juu ya masharti ya mapatano hayo. Pikipiki zao ziliegeshwa mbele ya jukwaa, mahali ambapo umati haukuweza kuacha kuzigusa, maana ulikuwa unasukumwa. Mlinzi anayeilinda pikipiki yake si mlinzi wa watu. Tunawaona wakipiga kwa fimbo za mchezo wa biliadi. Marty Balin wa kikundi cha Jefferson Airplane alipojaribu kuingilia alipigwa akazimia. Jioni, wakati Rolling Stones wakiimba, Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu mbele ya jukwaa akafa. Alikuwa ametoa bastola. Aliyemchoma, Alan Passaro, aliachiliwa na mahakama mwaka 1971 kwa hoja ya kujilinda.

Wahakiki wa wakati ule walizipokea picha hizo kwa hasira. Pauline Kael, mhakiki mashuhuri wa gazeti la *The New Yorker*, alidai kwamba tamasha lenyewe lilipangwa ili lipigwe picha, na kwamba filamu inaificha sehemu yake katika msiba. Waliotengeneza filamu walikanusha vikali. Sisi tuna lalamiko jingine. Siku ile walikufa watu wanne. Wawili waligongwa na gari wakiwa wameketi karibu na moto wao, na dereva akakimbia. Mmoja alizama katika mfereji wa maji. *Gimme Shelter* inairudisha nyuma picha ya kisu, inaisimamisha, inaipunguza mwendo ili Jagger aione na sisi tuione. Wale watatu haiwaonyeshi. Kisu kina mwenye kukishika, kina sura, kina tamthilia. Gari lisilo na njia iliyotengwa na mfereji usio na uzio havina tamthilia, na kwa hiyo havikuingia kwenye filamu. Msomaji atakubaliana nasi kwamba kosa hili ni ndugu wa lile la *Woodstock*, ijapokuwa filamu moja inaficha kifo na nyingine inakikodolea macho.

Sasa turejee kwenye neno tuliloahidi.

Tarehe 29 Oktoba 2022 mwimbaji Fally Ipupa alifanya onyesho katika uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa. Uwanja ulijaa kupita kiasi na watu 11 wakafa, wakiwamo askari polisi wawili. Serikali iliwalaumu waandaaji kwa kuuza nafasi nyingi kupita uwezo wa uwanja. Habari za namna hiyo zinapoandikwa kwa Kiswahili, neno linalotangulia kalamuni ni "mkanyagano". Tumelisikia redioni, tumelisoma magazetini, na tumelisahihisha katika insha za wanafunzi pale tu walipokosea tahajia. Hebu tulichambue. Linatokana na kitenzi "kanyaga", likapita katika kauli ya kutendana, "kanyagana", hata likawa nomino. Kauli ya kutendana inasema kwamba kila mmoja alimtenda mwenzake. Waliokufa walikanyagwa, na waliokanyaga ni wenzao. Wote walikuwa watendaji na wote walikuwa watendwa. Katika neno hilo hamna mlango uliofungwa, hamna mwandaaji, hamna afisa aliyetia sahihi idadi ya tiketi. Sarufi imekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi.

Nayo hukumu hiyo, kwa kadiri ya elimu iliyopatikana, mara nyingi si ya haki. Tarehe 3 Desemba 1979 watu 11 walikufa nje ya milango ya ukumbi wa Riverfront Coliseum huko Cincinnati, Marekani, kabla ya onyesho la kikundi cha The Who. Magazeti yaliandika kwamba vijana walitimua mbio kama mifugo na kukanyagana. Mwanasosholojia Norris Johnson alizichunguza taarifa za walioshuhudia, na mwaka 1987 akachapisha matokeo: hapakuwa na mbio za wazimu. Umati mkubwa ulikuwa umesimama mbele ya milango michache iliyofunguliwa, wa nyuma hawakujua hali ya wa mbele, na katika mbanano ule watu walikuwa wakijaribu kuokoana, hata wasiojuana. Katika misiba ya namna hii wengi hufa wamesimama. Watu wanapozidi watano au sita katika kila mita moja ya mraba, mwili wa mtu hauwezi tena kuchagua uende wapi. Umati huyumba kama maji katika mtungi, na kifua kilichobanwa pande zote hushindwa kupanuka. Hakuna mguu uliomkanyaga. Amekosa pumzi. Ndivyo ilivyokuwa Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, walipokufa vijana 9, na ndivyo ilivyokuwa Houston tarehe 5 Novemba 2021, walipokufa watu 10 katika tamasha la Astroworld.

Kuna neno gani badala yake? "Msongamano" lina fadhila zake. Kitenzi "songa" kimebeba maana ya kubana na kukaba, na kiambishi cha kutendama kinaonyesha hali ambayo kitu kimekuwamo, si kosa ambalo mtu amemtendea mwenzake. Tatizo ni kwamba tumelichosha kwa msongamano wa magari, na kwa hiyo halitishi. "Mbanano" linakaribia ukweli wa kitabibu, ijapokuwa nalo, tunakiri, limetokana na kauli ya kutendana. Tunachopendelea sisi ni kurudi kwenye kitenzi katika kauli ya kutendwa: watu 11 walibanwa hadi kufa. Kauli ya kutendwa ina ustaarabu wa kuacha swali wazi. Mwanafunzi akiisoma sentensi hiyo atauliza, walibanwa na nini? Na jibu litakuwa ukuta, lango, idadi. Iwapo kweli watu walianguka na kukanyagwa, basi iandikwe hivyo. Hatutaki neno lifukuzwe katika lugha, tunataka litumiwe pale linapostahili.

Tunafahamu kwamba wapo wenzetu watakaoona hapa tumekuza jambo dogo. Lakini sisi ndio tunaowafundisha watakaokuwa watangazaji.

Inasikitisha kwamba filamu inayotuhusu kwa karibu zaidi haitusaidii sana katika hili. *Soul Power* ya Jeffrey Levy-Hinte, iliyotoka mwaka 2008, imetengenezwa kwa picha za tamasha la Zaire 74, lililofanyika Kinshasa kwa usiku tatu mwezi Septemba 1974 na kuwakutanisha James Brown, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco, Tabu Ley na wengine. Ni filamu tamu. Tunaonyeshwa ujenzi wa jukwaa na mabishano ya waandaaji kwa marefu na mapana, kisha wasanii wanatamalaki. Umati wa Kinshasa ni mandhari ya nyuma. Waliingiaje, walikunywa nini, waliondokaje usiku? Kamera ilikuwa na shughuli nyingine. *Woodstock*, pamoja na makosa yake yote, ilimtazama mwenye kiu.

Kuna dhara moja ambalo hakuna filamu kati ya hizi inayoweza kulionyesha, nalo ni la masikio. Pete Townshend wa The Who, ambaye alipiga gitaa Woodstock, amesema hadharani kwa miaka mingi kwamba usikivu wake uliharibiwa na kelele. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kanuni inayotaka wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100, watu wapatiwe vizibo vya masikio, na pawepo mahali patulivu pa kupumzikia. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamisha wanafunzi mbele ya spika za sherehe ya shule ajipime hapo. Nasi tumo.

Kwa walimu watakaotaka kuzitumia filamu hizi darasani, tunashauri zisionyeshwe nzima. *Woodstock* ni ndefu mno, hasa toleo la mwaka 1994 lililorefushwa, na ina mandhari za uchi na za matumizi ya dawa ambazo mwalimu atapaswa kuzipima kulingana na umri wa darasa lake. Sehemu ya mzee wa vyoo, tangazo la kidonge kibaya na dhoruba ya Jumapili zinatosha kwa vipindi viwili. *Gimme Shelter* ni fupi, haifiki saa mbili. Picha za mauaji zirukwe, na muda utumike kwa mazungumzo ya simu ofisini mwa wanasheria. Katika darasa moja la vijana wa sekondari ya juu tuliwapa zoezi la kuandika tangazo la kipaza sauti kwa Kiswahili: lango la mashariki limeziba, watu elfu kumi wako nyuma yake, nawe una nusu dakika. Wengi waliandika "Tafadhali msisukumane." Msichana mmoja aliandika akiwaomba walio nyuma kabisa warudi hatua tatu, akawaeleza kwamba wa mbele hawapumui, akataja lango jingine lililo wazi, kisha akairudia sentensi ya kwanza kwa Kilingala na kwa Kifaransa kwa sababu, alisema, hakujua waliosimama nyuma wanazungumza lugha gani.